Tuchague Masomo Yatufaayo

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne yatokapo, vijana wetu hugawanyika makundi mawili. Wako waitwao Kidato cha Tano au vyuoni, nao hufunga masanduku yao na kwenda zao. Na wako wale wabakiao nyumbani, Kibirizi, Gungu, Mwanga na Ujiji, wakiwaza la kufanya. Hao wa kundi la pili ndio ninaotaka kuwasemea katika jarida letu muhula huu, maana hao ndio wanaotafutwa sana na matangazo ya masomo ya mtandaoni. Tangazo huwafikia kwa simu, limepambwa kwa picha ya kijana aliyevaa joho, nalo husema: jifunze nyumbani, lipa kidogo, upate cheti kwa muda wa majuma sita.

Mzazi naye, kwa kumwonea mwanawe huruma, huuza gunia la dagaa na kulipa. Walipao ni wengi, wamalizao ni wachache, na wanaopata faida kwa cheti hicho ni wachache zaidi. Basi watu husema, "Masomo ya simu ni ulaghai mtupu." Mimi sikubaliani nao. Kosa halimo katika kusomea mbali na mwalimu. Kosa limo katika kuchagua. Kijana achagua somo kama mtu anunuaye viatu kwa kutazama rangi, asijaribu kama vyamwenea mguuni.

Kusoma kwa mbali si jambo jipya wala si jambo la kudharauliwa. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini wanafunzi wa nje tangu mwaka 1858, wanafunzi ambao hawakulazimika kukaa London. Nelson Mandela alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1943 kwa kusoma kwa barua na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Alipokuwa kifungoni alisoma sheria ya Chuo Kikuu cha London, hakuimaliza, na mwisho akapata shahada ya sheria mwaka 1989, kwa chuo kile kile alichoanza nacho ujanani. Kwetu Tanzania, mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaanzisha masomo kwa njia ya posta. Kisha Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza wakaanza mwaka 1994. Chuo hicho kina vituo mikoani, na Kigoma nayo ina kituo chake.

Lakini mfano upendezao kupita yote ni ule wa walimu. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Walimu walikuwa hawatoshi hata kidogo, na vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa muda huo. Serikali ikafanya nini? Ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu huko huko vijijini. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo. Babu na bibi wengi wa watoto wasomao jarida hili walifundishwa kusoma na walimu wale.

Sasa tujiulize, kwa nini mpango ule ulifaulu na hali hapakuwa na simu wala intaneti? Ulifaulu kwa sababu haukutegemea kitu kimoja. Mwanafunzi alipata masomo yaliyoandikwa. Alisikiliza vipindi vya redio. Alikuwa na mtu wa karibu wa kumwongoza na kusahihisha kazi zake. Na mwisho aliitwa chuoni kwa majuma machache, akatahiniwa. Na zaidi ya hayo yote, kazi ilikuwa ikimngoja, maana darasa lenye watoto lilikuwapo mbele yake tangu siku ya kwanza. Hakusoma kwanza kisha akaanza kuuliza, "Nitakifanyia nini nilichosoma?"

Tulinganishe na hali ya leo. Wachunguzi wa chuo cha MIT huko Marekani walitazama masomo ya bure ya mtandaoni yaliyotolewa na chuo chao pamoja na Harvard, wakatangaza matokeo mwaka 2019. Waliona kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018, kati ya kila watu 100 walioandikishwa, waliomaliza walikuwa karibu 3 tu. Hao ni watu ambao wengi wao wana umeme, kompyuta na intaneti isiyokatika. Lakini uchunguzi ule ule ulionyesha jambo la pili: waliokuwa wamelipia cheti, karibu nusu yao walimaliza. Maana yake nini? Sidhani kwamba fedha ndiyo iletayo akili. Nadhani mtu aliyekata shauri mapema ajua anachokitaka, naye huvumilia. Aliyeingia kwa kuona wenziwe wanaingia, hutoka kama alivyoingia.

Kwa hiyo nasema, kabla ya kuuliza "Ni kozi gani nzuri?", kijana aulize maswali mengine matano. Nitayaeleza moja moja.

Swali la kwanza: Kozi hii nataka inifanyie kazi gani? Kuna vitu viwili tofauti ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni mlango, kingine ni ufundi. Mlango ni cheti kikuwezeshacho kuingia mahali: chuoni, kazini, Kidato cha Tano. Ufundi ni maarifa yakuwezeshayo kutenda jambo, hata kama hapana mtu akuulizaye cheti. Mathalan, yuko binti atakaye kuwa muuguzi, naye ameanguka Kemia. Vyuo vya uuguzi huomba ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Binti huyu akisoma kozi kumi za simu juu ya huduma ya kwanza, atapata maarifa mema, lakini mlango ule hautafunguka. Kozi imfaayo ni kurudia Kemia, ajiandikishe kuwa mtahiniwa wa kujitegemea, na simu yake aitumie kutafuta masomo ya Kemia. Hiyo ndiyo kozi yake ya mtandaoni, hata kama haina joho wala picha.

Kwa upande wa pili, yuko mama auzaye dagaa wa Kibirizi kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam na wa Kongo. Mama huyu hahitaji mlango wowote. Ahitaji kujua hesabu za faida na hasara, namna ya kufungasha dagaa wasiingiwe na unyevu, na masharti ya Shirika la Viwango. Kwake kozi fupi ya kutunza vitabu vya biashara, hata isiyo na cheti, yaweza kuwa na thamani kuliko stashahada. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Swali la pili: Nani akitambua cheti hiki? Ikiwa watafuta mlango, basi mwenye mlango ndiye wa kuulizwa, siyo mwuza cheti. Vyuo vikuu nchini husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, nayo ndiyo itazamayo shahada zipatikanazo nje ya nchi kama zakubalika hapa. Vyuo vya kati na vya ufundi stadi husimamiwa na NACTVET. Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Vyombo hivi vitatu vyote vina tovuti, na orodha ya vyuo vilivyosajiliwa yaweza kusomwa kwa simu ile ile iliyoleta tangazo. Kazi hii ni ya nusu saa. Mtu atakayekataa kuitumia nusu saa hiyo, kisha akapoteza fedha ya gunia zima, amlaumu nani?

Yafaa pia kujua tofauti ya majina. Cheti cha kuhudhuria husema tu kwamba ulikuwapo. Cheti cha kufaulu husema kwamba ulitahiniwa. Stashahada na shahada ni majina yenye masharti ya kisheria, wala hayapatikani kwa majuma sita. Na mtu akikuambia utume ada kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, bila jina la chuo wala stakabadhi, usiendelee kuzungumza naye.

Swali la tatu: Je, muda wa kozi wapatana na muda wa maisha yangu? Hapa sisi watu wa ziwani tuna jambo letu wenyewe. Mvuvi wa dagaa huenda ziwani usiku wa giza, taa zikiwaka, na mbalamwezi ikiwa kubwa hupumzika, kwa sababu dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Kozi itakayo kazi ipelekwe kila Jumapili usiku bila kukosa haitamfaa kijana huyu, hata ikiwa ni kozi bora duniani. Juma la giza litamkuta majini, naye atahesabiwa kuwa mvivu. Lakini zipo kozi ambazo mwanafunzi hujipangia muda mwenyewe, naye aweza kusoma sana siku za mbalamwezi na kupumzika siku za giza. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Wengi waliuona kuwa muda wa njaa, na hapana shaka ulikuwa mgumu. Walakini aliyejua mapema kwamba ataketi siku tisini angeweza kuchagua somo la siku tisini.

Kadhalika kwa binti aliyejifungua akiwa shuleni. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu mabinti hao warudi katika shule za kawaida, nalo ni jambo jema sana. Lakini yuko ambaye kwa sababu ya mtoto mchanga hawezi kuketi darasani tangu asubuhi hadi alasiri. Huyo asiambiwe kwamba mambo yamekwisha. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina utaratibu wa elimu ya sekondari nje ya mfumo wa shule. Na ambaye hakupitia Kidato cha Pili hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, uitwao QT, kisha ndipo ajiandikishe kwa mtihani wa Kidato cha Nne. Njia hii ni ndefu, haina matangazo ya rangi, lakini yafika.

Swali la nne: Gharama yote ni kiasi gani? Nasema yote, kwa sababu tangazo hutaja ada tu. Kozi nyingi hufundishwa kwa picha za video. Saa moja ya video ya kawaida yaweza kula nusu gigabaiti, na video safi sana hupita gigabaiti moja. Kozi ya saa 40 basi yaweza kutaka gigabaiti 20 au zaidi. Mzazi achukue kalamu, apige hesabu ya bando kwa bei ya siku hiyo, aongeze ada ya mtihani, nauli ya kwenda kituo cha mtihani, na kuchajisha simu. Mara nyingi ataona kwamba kozi iitwayo "ya bure" si ya bure, na kwamba kozi ya maandishi, isiyopendeza macho, yamgharimu sehemu ndogo tu ya fedha hiyo. Maandishi hupakuliwa mara moja na kusomwa mara mia. Picha hutazamwa mara moja na bando huisha.

Katika gharama naihesabu pia lugha. Kozi nyingi za mtandaoni ni za Kiingereza, na tena Kiingereza kisemwacho upesi. Kijana ambaye Kiingereza chake bado kichanga atatumia nguvu zake zote katika kuelewa maneno, asibakiwe na nguvu ya kuelewa somo. Kwake yeye somo la kwanza liwe lugha yenyewe. Na kwa mji wetu, ambao wafanya biashara kila siku na Burundi na Kongo, Kifaransa nacho si anasa. Kijana ajuaye kuandika barua ya mzigo kwa Kifaransa ana kazi katika bandari hizi.

Swali la tano: Nikikwama nitamwuliza nani? Hili ndilo swali linalosahauliwa na wote, nami naliona kuwa kubwa kuliko mengine. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya redio iitwayo Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili nchini waliisikiliza, lakini hawakuisikiliza kila mmoja peke yake. Walikusanyika vikundi vikundi na kiongozi wao, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Redio ilisema na kikundi kilitenda. Simu zetu leo zina maarifa mara elfu kuliko redio ile, lakini tumekiacha kikundi, kila mtu ameinamia kioo chake. Ndiyo maana kijana akwamapo ukurasa wa kumi hana wa kumshika mkono, na hapo ndipo kozi inapofia.

Hapa lazima niseme neno ambalo labda halitawapendeza wapenzi wa mitandao. Yako mambo ambayo hayafunzwi kwa simu hata kidogo, au hufunzwa nusu tu. Hapana aliyejua kutengeneza mashine ya boti kwa kutazama picha bila kushika spana. Kigoma tuna chuo cha VETA. Tuna kampasi ya FETA kwa mambo ya uvuvi. Tuna ofisi ya SIDO iwasaidiayo wenye viwanda vidogo. Pengine kozi ikufaayo haimo mtandaoni kabisa, imo safari ya daladala moja kutoka kwenu. Simu iwe ya kusoma nadharia, na mkono uende kwa fundi.

Najua yako majibu yatakayotolewa juu ya haya. Wengine watasema, "Elimu ni bahari, mwache kijana asome chochote apendacho, hakuna kisomo kibaya." Neno hili ni la kweli kwa mtu ambaye tumbo lake limeshiba na ada ni yake mwenyewe. Asomaye kwa kupenda tu na asome, tena namsifu. Lakini kwa kijana ambaye nyumba nzima imejinyima ili asome, uchaguzi si wake peke yake. Akikosea, anayekosa sare ya shule mwakani ni mdogo wake.

Wengine watasema, "Maswali matano ni mengi, nafasi zitapita." Tangazo ndilo lisemalo hivyo: nafasi chache, mwisho leo usiku. Darasa la mtandaoni halina madawati ya kujaa. Anayekuharakisha ajua kwamba ukipumzika kidogo utafikiri.

Nao walimu wenzangu nina neno nao. Hatuwezi kuwalaumu vijana kwa kuchagua vibaya iwapo sisi tuliowafundisha miaka minne hatukuwafundisha kuchagua. Naona yafaa kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne, kabla ya mtihani, aandike katika daftari lake mambo matatu: kazi aitakayo, masomo yatakiwayo na chuo cha kazi hiyo, na njia ya pili atakayoifuata asipopata alama zile. Na baada ya matokeo, shule ifungue chumba kimoja alasiri moja kila juma kwa wale waliobaki nyumbani, waje na simu zao, wakae kikundi, wasome pamoja, na mwalimu mmoja awepo. Gharama yake ni ndogo: ufunguo wa chumba na saa mbili za mwalimu.

Na ninyi wazazi, msimwambie mwana, "Chagua unachotaka, sisi hatujui mambo ya mitandao." Mitandao huenda hamwijui, lakini bei mwaijua, na kuuliza mwajua. Hakuna mama wa Kibirizi anunuaye gunia la dagaa bila kutia mkono hadi chini akaona kama ya ndani yafanana na ya juu. Basi tieni mkono katika kozi pia. Ulizeni: nani atambua cheti hiki, ada yote ni ngapi, mtihani wafanywa wapi, na aliyemaliza kabla yako sasa afanya nini? Mwana akishindwa kujibu, asikaripiwe. Arudi akatafute majibu, kisha mkae tena.

Basi, ndugu wasomaji, masomo yamefika hadi ufukweni petu, jambo ambalo wazee wetu hawakulipata. Waliosoma kwa posta walingoja barua majuma mengi. Sisi twangoja dakika. Lakini upesi huo waleta somo tu. Hautuambii somo lipi latufaa. Mwenye kujua aendako huweza kupata chombo hata kama ni kibovu, akakiziba, akasafiri. Asiyejua aendako, hata meli nzuri itamfikisha asikokutaka. Tujue kwanza twendako, ndipo tulipe nauli.